Mkasi Umetoka Bukavu, Cherehani Itoke Kayole: Wito wa Harambee

Ndugu wapendwa, majirani na marafiki wa kanisa letu, Bwana asifiwe. Tunawaomba mchango wa kuanzisha darasa la ushonaji kwa wakimbizi na vijana wa mtaa wetu wa Kayole, Nairobi.

Alhamisi jioni, ukifungua mlango wa ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa, utamkuta mama mmoja ameinamia meza ya plastiki, kitenge kimetandazwa mbele yake. Hana karatasi ya patani. Anakunja kitambaa, anaweka alama tatu za chaki, anapitisha mkasi bila kusita, na vipande vikiungwa shingo inakaa pale pale. Mkasi wenyewe ni wa chuma kizito. Tundu la kidole gumba limezungushiwa utepe wa kitambaa ulioshakuwa mweusi kwa jasho. Ndicho kifaa pekee cha kazi alichotoka nacho Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwezi wa Februari 2025, mji ulipotekwa na waasi wa M23 wiki chache tu baada ya mji wa Goma. Vyerehani vyake viwili vilibaki huko. Jina lake hatulitaji, kwa usalama wake, lakini wengi wenu mnamwona kila Jumapili kwenye safu ya tatu upande wa dirisha.

Mama huyu ameshona kwa miaka 17 na amefundisha wasichana wengi kazi hiyo kwao. Hapa Kayole anapiga vifungo na kukunga pindo kwenye kibanda cha mtu, analipwa kwa kipande. Siku isiyo na vipande, nyumbani hakupikwi.

Wanakamati tulipokaa na yeye na wakimbizi wenzake kuwauliza wanakosa nini, tulitarajia watasema mtaji. Walisema cheti. Tulishangaa, mpaka tukaisoma Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Sheria hiyo inampa mkimbizi aliyetambuliwa nchini Kenya haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, au kufanya kazi ya taaluma au ufundi wake ikiwa ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Sasa fikiria mtu aliyejifunza kushona kwa shangazi yake kule Kadutu, mtaa wa Bukavu: sifa anazo mkononi, karatasi hana. Na hata aliye na karatasi, imeandikwa kwa Kifaransa, na mwajiri wa hapa anaitazama tu na kuirudisha.

Mlango upo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mtihani wa ufundi ambao mafundi wengi wa jua kali wameupitia, na wa kuanzia ni Gredi ya Tatu. Hapo hupimwi kwa miaka uliyokaa darasani. Msimamizi anataka kuona unavyopima, unavyokata na unavyoshona. Kwa watu wetu hawa, huo ndio mtihani unaowafaa kuliko yote. Ila una ada, unataka kitambaa, uzi na zipu za kufanyia mtihani, na kabla ya yote unataka mazoezi kwenye cherehani. Huwezi kufanya mazoezi kwenye cherehani ya mtu anayekulipa kwa kipande.

Kuna na mambo madogo ambayo asiyekaa nao hawezi kuyajua. Wao hupima kwa sentimita, mafundi wa hapa kwa inchi. Juzi mteja aliagiza gauni, akaambiwa kiuno ni 80, akakasirika akidhani ametukanwa. Wao husema kikwembe, sisi kitenge. Wao mutuka, sisi gari. Kiswahili chetu ni kimoja na tunaelewana kanisani bila shida, lakini kibandani, mteja akiwa na haraka, neno moja likipotea na kazi imepotea. Kwa hiyo darasa letu litafundisha inchi, hesabu za bei, risiti, na Kiingereza kinachohitajika kwenye kazi, pamoja na ushonaji wenyewe.

Hatuna budi kusema ukweli kuhusu tulipokosea. Mwaka jana tulinunua vyerehani vinne kwa michango yenu tukavigawa siku hiyo hiyo, tukapiga picha, tukaenda nyumbani. Miezi mitatu baadaye viwili vilikuwa vimeuzwa. Kodi ya nyumba ilifika, mtoto akaugua, kitu pekee cha thamani ndani ya nyumba kilikuwa cherehani. Hatuwalaumu waliouza. Kosa lilikuwa letu, kwa kumpa mtu chombo bila wateja, bila cheti na bila mtu wa kumshika mkono katika miezi ya kwanza. Safari hii vyerehani vitabaki ukumbini. Wanafunzi watavitumia kwa zamu, asubuhi, mchana na jioni, na aliyepita mtihani atachukua cherehani yake na kuilipia kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Fedha hizo zitanunua ya mwenzake.

Wako waliotuuliza, na wana haki ya kuuliza: mbona wageni, na vijana wetu wamekaa tu pale steji? Darasa lina nafasi 24. Nane ni za vijana wa Kayole. Tena anayewafundisha kukata ndiye mama yuleyule wa mkasi, kwa hiyo mgeni ndiye anayempa mwenyeji ufundi. Kwenye Biblia, Akila na Prisila walifukuzwa Roma wakaenda Korintho na kazi yao ya kushona mahema, na Paulo akakaa kwao wakafanya kazi pamoja. Hatuoni kwa nini Kayole iwe tofauti.

Na wakati wenyewe ndio huu. Kenya inahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, wengi wao katika kambi za Dadaab na Kakuma, na tangu 2025 mgao wa chakula kambini umepunguzwa sana kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua. Wanaoishi Nairobi kwa kawaida hawapati mgao huo kabisa. Wanategemea mikono yao na jirani. Jirani ni sisi.

Tunachohitaji ni shilingi 500,000. Vyerehani vinane vya miguu ni 144,000, na ovaloki moja, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, 35,000. Tumechagua vya miguu kwa makusudi, maana umeme wa mtaa wetu mnaujua. Ada za mtihani na vitambaa vya mtihani ni 120,000. Walimu wawili kwa miezi sita, 180,000. Sindano, mafuta, taa na matengenezo, 21,000. Ukumbi ni bure. Waumini wameshatoa 137,000, kwa hiyo zimebaki 363,000.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Mei, baada ya ibada ya pili, ili mafunzo yaanze Juni na wanafunzi wawe tayari kwa mtihani wa Desemba. Kadi za mchango ziko kwa wazee wa kanisa. Namba ya kutumia M-Pesa imeandikwa kwenye kadi, na kila kadi ina muhuri wa kanisa na sahihi ya mweka hazina. Kadi isiyo na muhuri usiitolee hata shilingi. Ahadi tutaandika, na tutakukumbusha kwa heshima. Asiye na fedha alete kuku, mkungu wa ndizi au sukuma za shambani, tutapiga mnada pale pale uwanjani kama kawaida yetu. Aliye na cherehani mbovu nyumbani, ya marehemu mama au ya nani, ailete vilevile. Tunaye kijana anayezifufua.

Hesabu yote ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye mlango wa ukumbi kila mwisho wa mwezi, na yeyote anaruhusiwa kuuliza.

Siku hiyo pia njoo na kitenge chako. Meza itakuwa nje chini ya hema, tepu na chaki tayari, na mama wa mkasi ataanza kupima watu saa tatu asubuhi. Atakupima kwa inchi. Fedha ya kushona itaingia kwenye mfuko wa darasa, na nguo utaichukua baada ya wiki mbili. Kwaya ya akina mama wameshaandika majina ya kwanza kwenye daftari.