Samaki mpya achaguliwe kwa kuwatazama waliomo tangini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo linalowagusa wote wanaofuga samaki wa baharini nyumbani, hasa wale ambao matangi yao yana matumbawe hai. Samaki wengi hununuliwa kwa sababu ya rangi zao, na swali la iwapo mgeni ataelewana na wenyeji huja kuulizwa baada ya mapezi kuanza kuchanika. Naamini utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Waliomo tangini tayari, nikiwahesabu pia matumbawe, kamba na kaa, ndio wanaopaswa kuamua ni nani aongezwe.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Kangaja wa buluu, ambaye wataalamu humwita Paracanthurus hepatus, huuzwa akiwa mdogo kama kidole, ilhali akikomaa hufikia sentimita 30 hivi. Mwenzake wa manjano, Zebrasoma flavescens, hufikia sentimita 20. Wote wawili huogelea mchana kutwa, kwa hiyo tangi la lita 200, ambalo linawatosha samaki wawili wadogo wa anemoni (wale waishio katikati ya minyiri ya kiumbe laini wa baharini aitwaye hivyo) maisha yao yote, kwa kangaja ni kifungo. Tena kangaja humshambulia mgeni anayefanana naye kwa umbo au rangi, na kwa kuwa ana mwiba mkali kila upande wa shina la mkia, ugomvi wake huacha majeraha ya kweli. Husemwa mara nyingi kwamba samaki atahamishwa akikua. Asemaye hivyo hajajaribu kumkamata samaki aliyejificha ndani ya mawe yaliyokwisha kuota matumbawe, kazi ambayo kwa kawaida hailazimishi kitu kingine ila kuyabomoa mawe yote.

Kuhusu mdomo nitasema kwa kifupi: samaki mlanyama humla yeyote anayeenea kinywani mwake, hata kama wamekaa pamoja kwa amani kwa miezi mingi. Samaki wa jenasi Pterois, wenye mapezi marefu na miiba ya sumu, huonekana wapole kwa sababu hawamfukuzi mtu, kumbe huwameza wadogo usiku. Samaki wengi waitwao kikande huvunja na kula kamba, kaa na kombe. Vitatange wengi wa jenasi Chaetodon hula polipu, yaani vijiumbe vidogo hai vinavyojenga matumbawe, na hao hawafai kabisa kwa tangi la matumbawe, uzuri wao uwe mkubwa kiasi gani. Wale vitatange wadogo wa jenasi Centropyge hutofautiana mmoja na mwingine. Huyu hagusi tumbawe, na ndugu yake wa aina ileile hulidonoa mpaka likafunga polipu zake. Muuzaji anayemhakikishia mteja kwamba samaki wa namna hiyo ni salama anatoa ahadi isiyo mikononi mwake.

Uhusiano wa samaki wa aina moja unastahili kuelezwa kwa kirefu zaidi. Samaki wa anemoni, kama vile Amphiprion ocellaris, huanza maisha wakiwa madume. Katika kundi, aliye mkubwa kuliko wote huwa jike, anayemfuata huwa dume lake, na waliosalia hubaki wadogo wasiozaa. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike. Baharini anayefukuzwa ana pa kukimbilia, lakini ndani ya tangi wa tatu na wa nne hupigwa hadi kufa. Kwa hiyo mnunuzi anunue wawili walio wachanga, mmoja akimzidi mwenziwe kidogo kwa ukubwa, wala asidanganywe na kundi zima linalokaa kwa utulivu dukani, kwa sababu pale ni wadogo na hawajagawana eneo. Vivyo hivyo Dascyllus trimaculatus, mweusi mwenye vidoa vyeupe, hupendeza akiwa mdogo, kisha akikua hutawala tangi zima. Samaki wa ukoo wake wametumiwa miaka mingi kuanzishia matangi mapya kwa kuwa ni wagumu kufa. Hakuna haja hiyo, kwani bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wanaweza kukuzwa kwa kuweka amonia majini bila kumtesa kiumbe yeyote.

Kupatana si kutopigana tu. Samaki aitwaye Synchiropus splendidus hana ugomvi na karibu samaki wote wa aina nyingine, na bado huishia kufa kwa njaa katika matangi mengi, kwa sababu hula kopepodi, vijidudu vidogo sana vya majini vya jamii ya kamba, mchana kutwa, na tangi changa halina kopepodi wa kumtosha. Akiwekwa pamoja na samaki Pseudocheilinus hexataenia, anayewinda chakula hichohicho kwa wepesi zaidi, hali yake huwa mbaya mara mbili. Kwa anayeanza, ningependekeza Pterapogon kauderni wawili waliothibitika kuwa jozi, samaki wa visiwa vya Banggai nchini Indonesia ambaye dume lake hulea mayai kinywani na ambaye siku hizi huzalishwa na wafugaji; au samaki wa jenasi Amblyeleotris akae na kamba mchimbaji wa jenasi Alpheus, ambaye haoni vizuri na huweka kipapasio chake juu ya mwili wa samaki ili aonywe hatari inapokuja. Kuwatazama wawili hao wakigawana shimo moja kunanipendeza kuliko rangi yoyote.

Mpangilio wa kuwaingiza nao una uzito: waoga watangulie, wenye kulinda eneo waje mwisho. Na kila mgeni apitie karantini ya wiki nne au zaidi katika tangi la peke yake. Kimelea Cryptocaryon irritans, kinacholeta madoa meupe, hutibiwa kwa dawa ya shaba, na shaba huua matumbawe na kamba. Ugonjwa ukishaingia katika tangi kuu, dawa hiyo haiwezi kutumika humo, na samaki wote hulazimika kutolewa kwa wiki nyingi.

Kwa sababu hizo nawaomba wauzaji waandike kando ya kila samaki urefu wake akikomaa, chakula chake, na kama alizalishwa na wafugaji au alivuliwa baharini. Wanunuzi nao wadai kumwona samaki akila mbele yao kabla ya kulipa, na asipokula wamwache dukani.

Wako,
Mfugaji wa samaki wa matumbawe