Harambee ya Vipuri: Tusaidieni Kufufua Laptopu za Shule Yetu

Kwa wazazi, walezi, majirani na wanafunzi wetu wa zamani mlio nyumbani na ughaibuni,

Maabara ya shule yetu hapa Kilifi ina laptopu 22. Zinazomaliza kipindi bila kuzima ni 7. Wanafunzi wanabanana wanne wanne kwenye mashine moja. Wawili wa mbele wanafanya kazi, wa nyuma wananyoosha shingo. Hao hao wakifika kidato cha nne watafanya mtihani wa vitendo wa KCSE katika Somo la Kompyuta, kila mmoja peke yake mbele ya skrini. Mtoto ambaye hajawahi kushika keibodi kwa saa nzima tunamwonea tukimpeleka huko.

Hatuombi kompyuta mpya. Tunaomba vipuri, na tunataka mjue kwa nini.

Laptopu tulizo nazo ni Lenovo ThinkPad T420 na T430, Dell Latitude E6430 na HP EliteBook 8470p, aina zilizoingia sokoni mwaka 2011 na 2012. Zilitengenezwa kwa kazi ya ofisini, na waliozibuni walijua iko siku fundi atazifungua. Betri inatoka kwa kusogeza kitasa, bila bisibisi. Diski na memori zinafikiwa kwa kufungua skrubu chache au kifuniko kidogo. Keibodi ikifa inang'olewa na kuwekwa nyingine. Vitabu vya ufundi vinavyoonyesha kila skrubu vimetolewa bure na kampuni zenyewe. Laptopu nyingi mpya za bei nafuu haziko hivyo: memori imechomelewa kwenye bodi na betri imefichwa ndani, kwa hiyo kipande kimoja kikifa, mara nyingi mashine nzima inakwenda jaani. Kwa shule isiyo na fedha za kununua upya kila baada ya miaka michache, hizi kuukuu ndizo zenye faida.

Fundi, ambaye ni mwanafunzi wetu wa zamani, amezikagua zote. Bodi na skrini ni nzima. Kilichochoka ni diski za zamani za kuzunguka, zinazofanya mashine ichukue dakika kadhaa kuwaka. Betri hazishiki chaji, na stima ikipotea katikati ya kazi, kila kitu ambacho mwanafunzi hajakihifadhi kinapotea nayo. Vumbi na hewa ya chumvi ya huku kwetu vimeumiza feni na vibonye. Katika mashine nyingine betri ndogo ya saa imekufa, tarehe inarudi nyuma miaka, na tovuti zinakataa kufunguka.

Bei alizotuletea ni hizi. Diski 18 za SSD, yaani zile za kisasa zisizozunguka, kwa shilingi 3,200 kila moja ni 57,600. Betri 14 kwa shilingi 3,500 ni 49,000. Keibodi, chaja, memori, feni na betri za saa zitachukua 43,400. Jumla 150,000. Chama cha wazazi kimekwisha kutoa 30,000. Tunatafuta 120,000 zilizobaki. Ufundi wenyewe hatulipii: atafanya kazi siku za Jumamosi pamoja na wanafunzi, nao watajifunza kufungua, kusafisha na kufunga kwa mikono yao.

Kuna mzazi aliyeuliza vipi kuhusu Windows 10, mfumo unaoendesha mashine hizi, ambao msaada wake wa kawaida wa masasisho ya usalama ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine za umri huu. Chache za mazoezi ya mtihani tutaziacha na Windows bila kuziunganisha na intaneti. Zilizobaki zitawekwa Linux Mint badala ya Windows, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, programu za bure zitakazotosha kazi za darasani zikipata SSD na memori ya GB 8.

Mwenye laptopu iliyokufa kabatini naye ana mchango. Hata kama bodi imeungua, tunaweza kupata humo memori, diski, bawaba au skrini. Tafadhali angalieni mambo machache: memori iwe ya aina ya DDR3 ya laptopu, maana ya aina mpya zaidi, DDR4, haiingii. Diski iwe ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha aina ya SATA. Betri za T430 ziwe halisi, kwa sababu mashine hiyo hukataa kuchaji betri isiyoitambua. Chaja ya Dell nayo iwe ile inayotambuliwa na mashine, la sivyo betri haitajaa. Betri iliyovimba msiilete na msiitoboe. Inaweza kushika moto.

Michango ya fedha itumwe kwa M-Pesa kupitia nambari ya paybill iliyo kwenye karatasi ya karo, na mahali pa akaunti muandike VIPURI. Vifaa vipokelewe ofisi ya naibu mwalimu mkuu, siku za shule, kabla ya saa kumi jioni. Kila shilingi na kila kifaa kitaandikwa kwenye ubao wa matangazo langoni, na risiti za vipuri zitasomwa katika mkutano ujao wa wazazi. Vinavyohitajika kwanza ni diski, kwa ajili ya kidato cha nne.

Kamati ya Maabara ya Kompyuta