Barua ya malalamiko: Mmemfuta bibi chale usoni

Mpigapicha wa kujitegemea,
Mikindani,
MTWARA.

18 Novemba 2024

Meneja,
Kampuni ya Uchapaji wa Albamu na Vitabu vya Picha,
DAR ES SALAAM.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATAA POTIFOLIO ILIYOCHAPWA KINYUME CHA MAKUBALIANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mzigo wangu niliupokea stendi ya mabasi hapa Mtwara ukiwa umefungwa vizuri, boksi halina hata kona iliyobonyea. Kwa hilo asanteni. Kilichomo ndani ndicho kilichonifanya niandike barua badala ya kuendelea kupiga simu, maana kila nikipiga anapokea mtu mwingine, na kila anayepokea ananirudisha mwanzo: "Kaka, kwani shida ilikuwa nini?" Basi shida naieleza hapa mara moja, kwa maandishi.

Nililipa Sh 980,000 kwa nakala tatu za potifolio yangu, yaani kitabu cha kuonesha kazi zangu, cha kurasa 48, sentimita 30 kwa 20, karatasi isiyong'aa, ufungaji wa kufunguka ubapa, pamoja na tovuti ndogo yenye picha hizohizo. Risiti ya EFD ninayo. Profoma yenu inasema picha zitachapwa "kama zilivyowasilishwa na mteja", na kwamba prufu, yaani nakala ya majaribio, itatumwa kwa mteja aipitishe kabla ya kazi kuingia mashineni. Prufu sijaiona mpaka leo. Nimeletewa kitabu kilichokwisha kazi, na picha zilizomo nusu ni zangu, nusu ni za mtu aliyekaa kwenye kompyuta yenu.

Nianze na bibi, ukurasa wa 20.

Picha ile niliipiga Newala, barazani kwake, jua likiwa limeshaelekea kuzama. Ni Mmakonde wa umri mkubwa, na uso wake una chale: mistari ya pembepembe mashavuni na kwenye paji la uso, iliyochanjwa kwa kisu na kupakwa mkaa tangu akiwa msichana. Walio na chale hizo siku hizi ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Mwanga wa ubavuni niliuchagua kwa makusudi. Chale ni kovu, ina mwinuko, na mwanga ukiipiga kutoka pembeni kila mstari unajitengenezea kivuli chake. Ningemweka bibi uso kwa uso na jua, chale zingelala zote na nisingekuwa na picha.

Kwenye kitabu chenu bibi ana mashavu ya biharusi. Chale za mashavuni hazipo kabisa. Za kwenye paji zimebaki ukungu, unaona tu kwamba palikuwa na kitu kikafutwa. Ngozi imepandishwa mwanga mpaka imepauka, na weupe wa macho umekolezwa hadi anaonekana kama ameshtuliwa na jambo. Nilipouliza, mhudumu wenu alinijibu kwa furaha kabisa: "Bosi, hiyo tumekufanyia bure. Tumemtoa makunyanzi na madoadoa, kapendeza!"

Nafahamu ilikotoka. Kazi zenu nyingi ni za harusi, send-off na kipaimara, na mteja wa albamu ya harusi anataka chunusi iondoke na shangazi aonekane kijana. Mimi mwenyewe napiga harusi za Mtwara mjini na Masasi, naijua hiyo programu ya kulainisha ngozi na naitumia kwa anayeiomba. Lakini potifolio haipelekwi kwa ndugu wa biharusi. Inakwenda kwa mtu ambaye hanijui, ana vitabu vingine ishirini mezani, na anataka kuona jambo moja tu: huyu mpigapicha anaona nini, na anakiona vipi. Akifika kwa bibi wa ukurasa wa 20 ataona mpigapicha aliyesafiri mpaka Newala kwenda kuchubua uso wa kikongwe. Jina lililoko kwenye jalada ni langu. Fundi wenu hatajulikana.

Na bibi siye peke yake. Mvuvi wa Msangamkuu, ukurasa wa 31, nilimpiga alfajiri, giza halijaachia vizuri, anaonekana nusu ya uso na mkono ulioshika kamba. Nilitaka nusu ile nyingine imezwe na giza. Mmeiinua mwanga. Na kwa kuwa gizani kamera haikuchukua kitu cha maana, kilichojitokeza ni chenga tupu, shavu zima limejaa vipunje vyekundu na vya kijani. Wapigapicha wengi wa huku kwetu tunahangaika miaka kujifunza kuipiga ngozi nyeusi bila kuigeuza kijivu wala kuifanya lami, na mwenye jicho akitaka kumpima mpigapicha wa Kiafrika huanzia hapohapo. Mmeharibu mahali ambapo ndipo ningepimiwa.

Sasa suala la pili, ambalo ninyi mnaliita "ubora wa picha za mteja".

Barua pepe yenu ya tarehe 7 Novemba inadai ukungu kwenye picha umetokana na faili ndogo nilizotuma. Hapana. Kamera yangu inatoa faili za pikseli 6000 kwa 4000. Ukurasa wenye upana wa sentimita 30 ni karibu inchi 12, kwa hiyo faili zangu zinatoa zaidi ya nukta 500 kwa kila inchi, wakati ninyi wenyewe kwenye maelekezo yenu mnaomba 300. Nilizipakia zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, nikawatumia kiungo, mkanijibu kwamba mmepakua.

Nilipobishana na mhudumu, alinitumia folda "iliyotumika kuchapa" ili anioneshe kwamba picha zilikuja hivyo. Nashukuru alinitumia. Kila faili humo linaanza na IMG-20241003 na kuishia na WA na namba: WA0007, WA0008, WA0009, moja baada ya nyingine. Mimi faili zangu nilizipa majina ya mahali: newala_04, msimbati_11, kilwa_02. Majina ya WA huwekwa na WhatsApp kwenye simu ya aliyepokea. Maana yake mmoja wenu alizipakua kwa simu, akamrushia mwenzake wa chumba cha uchapaji kwa WhatsApp kama picha za kawaida, na WhatsApp ikafanya inachofanya siku zote: ikazipunguza hadi kama pikseli 1600 upande mrefu, ikazibana, na ikafuta taarifa za kamera. Pikseli 1600 kwenye karatasi ya sentimita 30 ni nukta 135 hivi kwa inchi, chini ya nusu ya mnachokitaka wenyewe. Kwenye kioo cha simu pikseli hizo zinatosha kabisa, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka pale ofisini. Karatasi haidanganyiki. Mlango wa Mikindani wenye nakshi, ambao niliuweka kitabuni kwa ajili ya zile nakshi tu, umetoka kama ubao uliopigwa randa.

Jambo moja silalamikii, nalisema ili msidhani natafuta kila kosa. Bahari ya Msimbati imepoa rangi kwenye karatasi na bluu yake imeegemea zambarau kidogo. Wino nne za uchapaji haziwezi kuifikia bluu ile inayowaka kwenye kioo, na karatasi isiyong'aa inainyonya zaidi. Nililitegemea. Prufu ingekuja, ningeirekebisha mwenyewe kidogo, tukamaliza.

Halafu kuna ukurasa wa 8.

Nilipanga kitabu sebuleni, picha zikiwa zimechapwa ndogondogo na kutandazwa sakafuni, nikizihamisha mpaka kila mbili zinazotazamana ziwe na la kuambiana. Ukurasa wa 8 niliuacha mweupe makusudi ili picha ya 9, kinyago cha mapiko, ngoma ya Wamakonde, kilichotundikwa ukutani, ikae peke yake. Kwenye mpangilio niliowatumia niliandika kabisa: "Ukurasa wa 8: usiwe na kitu." Fundi wenu akaona ni pengo, akaliziba kwa kuvuta kila kitu mbele ukurasa mmoja. Sijui kama alifikiri matokeo yake. Kwenye kitabu, ukurasa wa 10 na wa 11 hutazamana, lakini wa 9 na wa 10 ni pande mbili za karatasi moja. Kwa hiyo kuanzia hapo mpaka mwisho, kila jozi niliyoipanga itazamane sasa imepeana mgongo. Mikono ya mama anayebangua korosho ilitakiwa kuwa mkabala na mikono ya mchonga vinyago, vidole vyote vimepinda vilevile. Leo mtu lazima afunue karatasi kuiacha moja ili aione nyingine. Badala yake mama wa korosho anatazamana na bonde la Ruvuma lilivyo ukisimama Shimo la Mungu, jambo ambalo halina maana yoyote, hata kwangu niliyepiga zote mbili.

Na nafasi iliyopatikana mwishoni mmeijaza nembo ya kampuni yenu, ukurasa mzima, na namba za simu. Sikuomba tangazo, na nimelilipia.

Ufungaji ni gundi ya mgongoni, si ule wa kufunguka ubapa uliomo kwenye profoma. Picha ya ngalawa ya kurasa mbili, 4 na 5, imezama kwenye mkunjo pamoja na kijana aliyeshika tanga. Ukilazimisha kuufungua, mgongo unalia. Nakala moja imeshaanza kuachia karatasi.

Kuhusu tovuti nitakuwa mfupi. Bibi aliyefutwa chale yumo humo pia, mwondoeni leo, msisubiri mengine. Na nilipotazama usajili wa jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, aliyeandikwa kuwa mmiliki ni kampuni yenu. Jina lile ni langu, limo kwenye kadi zangu za biashara, na nimelilipia. Siku tukikosana mkalifunga, au mkasahau kulilipia likachukuliwa na mwingine, mimi ndiye nitakayepotea mtandaoni. Lihamishieni kwangu na mnikabidhi nywila zote.

Ninachodai ni hiki. Nakala tatu zichapwe upya kwa faili zangu halisi, zile za kwenye kiungo, bila mtu kugusa ngozi, mwanga wala mpangilio, kwa ufungaji tuliokubaliana, na bila nembo yenu. Kabla ya hapo nitumiwe prufu ya karatasi, si picha ya prufu kwenye simu: kurasa za bibi, mvuvi, mlango na bahari zinanitosha, ziwekwe kwenye basi na nauli ya mzigo mlipe ninyi. Nikizikubali nitasaini, mtachapa. Kama hamna mashine au fundi wa kufanya hivyo semeni tu, mnirudishie fedha ya vitabu yote, nami nitafute pengine. Ofa ya punguzo la asilimia 20 kwa "oda ijayo" siitaki.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Maombi ya ufadhili niliyokusudia kuambatanisha kitabu hiki yanafungwa mwishoni mwa Januari, kwa hiyo muda wa kuzungushana sina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomharibia heshima, na picha ni miongoni mwa kazi inazozilinda. Siku hizo zikipita kimya nitaipeleka barua hii COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na suala la huduma niliyolipia nisiipate nitalifikisha Tume ya Ushindani. Ningependa tusifike huko. Mashine yenu ni nzuri, nimeona kazi nyingine mlizochapa, na Mtwara hapa hatuna ya namna hiyo.

Bibi wa Newala aliniruhusu nimpige kwa sharti moja, kwamba kitabu kikitoka nimpelekee akione. Nakala mlizochapa sitampelekea. Zote tatu zipo kwangu ndani ya boksi lake. Mkizihitaji, tumeni mtu au nauli ya basi.

Wako katika kazi,

(Saini)

Mpigapicha wa kujitegemea, Mikindani

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, profoma, mpangilio wa kurasa niliowatumia, orodha ya majina ya faili za folda mliyonitumia, na picha ya bibi kama nilivyoipiga.