Kiti cha Barbara Jordan na kidole cha mama yangu: barua ya wazi kwa Mbunge wa Wilaya ya 18, Texas

Mheshimiwa Mbunge,

Nakusalimu kwa heshima. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, ili mama yangu na wazee wenzake wa kanisani waisome kabla yako. Tafsiri ya Kiingereza nitaileta ofisini kwako mwenyewe.

Mama ni mzaliwa wa Fizi, Kongo. Tuliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, ndiko nilikosomea, kabla hatujaletwa Houston. Alipojiandaa kwa mtihani wa uraia alikariri maswali 100 ya historia na serikali, akiniamsha usiku nimsikilize. Siku ya kiapo alivaa kitenge kipya, akalia.

Novemba 2025 tulikwenda kupiga kura. Skrini ikatuuliza tunataka lugha gani: Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu au Kichina. Kidole cha Mama kikapita juu ya zote nne polepole, kidole kile kile anachokipitisha kila asubuhi chini ya mistari ya Biblia yake ya Kiswahili. Kikarudi juu, kikaanza tena. Kisha akanitazama.

Siku hiyo kulikuwa na mapendekezo 17 ya kubadili katiba ya Texas. Sheria inamruhusu mtu asiyejua kusoma Kiingereza kuja na msaidizi anayemtaka mwenyewe, kwa hiyo nikala kiapo cha msaidizi, nikaanza kumnong'oneza: kodi za nyumba, dhamana mahakamani, fedha za maji. Lugha ya mapendekezo yale hata mimi inanitoa jasho. Pendekezo moja nililieleza kwa namna ambayo, nikijikagua leo, nilikuwa nimeshamvuta upande wangu. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Soma tena, lakini usinieleze." Nikasoma tena. Sikuweza kutafsiri bila kueleza. Akachagua, nami nikaona alichochagua. Kura ni siri, lakini siri ya Mama ninayo mimi.

Nakuandikia wewe kwa sababu ya kiti unachokalia.

Usiku wa tarehe 25 Julai 1974, Wamarekani walikuwa mbele ya televisheni wakiifuatilia Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi, iliyokuwa ikijadili kama Rais Richard Nixon ashtakiwe bungeni kwa kashfa ya Watergate. Barbara Jordan, binti wa mhubiri wa Kibaptisti kutoka Fifth Ward hapa Houston, alikuwa hajatimiza miaka miwili bungeni. Alianza na maneno ya kwanza ya Katiba, "Sisi, wananchi", akasema kwamba ilipokamilika mwaka 1787, yeye hakuwemo katika hao "sisi". Baada ya kulisema hilo ndipo akatamka kwamba imani yake kwa Katiba ni nzima na kamili. Siku 15 baadaye Nixon aliachia madaraka.

Hotuba ile hurudiwa hadi leo. Kazi yake ya mwaka uliofuata husikika mara chache, nayo ni sehemu ya safari iliyomfikisha jirani yetu Mvietinamu kwenye skrini yenye lugha yake. Mwaka 1975 vifungu vizito vya Sheria ya Haki za Kupiga Kura, vile vilivyoyabana majimbo yenye historia ya kuwabagua wapiga kura, vilikuwa vinakaribia kwisha muda, na Texas haikuwa kati ya majimbo hayo. Jordan akapeleka mswada wa kuiingiza Texas na kuwalinda Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Gavana Dolph Briscoe, wa chama chake mwenyewe cha Democratic, alikwenda hadi Mahakama ya Juu kupinga Texas kuingizwa, akashindwa mwaka 1977. Sheria yenyewe, pamoja na Kifungu cha 203 kinachodai msaada wa lugha, ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1975 na Gerald Ford, rais ambaye taifa halikuwa limempigia kura, si ya urais wala ya umakamu.

Jambo hili ndilo linalonigusa kuliko yote, Mheshimiwa. Kihispania hakikuwa lugha ya nyumbani kwa akina Jordan. Watu wa Fifth Ward wangeweza kumwambia kwamba kodi ya kupigia kura ilikuwa ndiyo kwanza imewaondokea, mwaka 1966, kwa hiyo ashughulike na wao kwanza. Yeye akawasemea majirani.

Sasa tazama Kifungu hicho cha 203. Kinahesabu makundi manne tu: watu wa asili ya Kihispania, watu wa asili ya Asia, wenyeji asilia wa Marekani na wenyeji wa Alaska. Kundi likivuka raia 10,000 wenye umri wa kupiga kura wasiokimudu Kiingereza, au asilimia 5 ya raia wenye umri huo, kaunti inaweza kulazimika kuwapa karatasi za kura kwa lugha yao. Lugha ya Afrika haihesabiwi kabisa. Wenye Kiswahili wangejaa Houston nzima, sheria bado isingetuona. Sidhani kama Bunge la 1975 lilikuwa na nia mbaya. Wahamiaji wa Kiafrika walikuwa wachache mno wakati ule, na Sheria ya Wakimbizi, iliyojenga mlango tuliopitia sisi, ilisainiwa na Jimmy Carter Machi 1980. Tuliingia kwa mlango uliojengwa miaka mitano baada ya orodha kufungwa.

Ninachokuomba ni mswada mmoja: orodha ya makundi manne iondolewe, hesabu ibaki ile ile, na lugha yoyote itakayofikisha idadi ipewe karatasi yake. Kama Kiswahili hakitafikisha katika kaunti yetu, basi tuambiwe kwamba tumehesabiwa na hatukutosha. Kifungu cha 203 kinakwisha muda wake Agosti 2032, na najua rahisi ni kungoja hadi siku hiyo. Mama ana miaka 71.

Nitakapoleta tafsiri ya barua hii, amesema atakuja nami. Atazungumza mwenyewe, na ameniagiza nitafsiri tu, nisieleze.

Wako kwa heshima,
Mpiga kura, Houston