Likizo ya msituni ianzie kwa mtoto mdogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie likizo za familia katika vijiji vya mapumziko vya msituni. Makala nyingi kuhusu likizo hizi husifu bwawa, nyumba za mbao na orodha ndefu ya michezo, kisha huishia hapo. Mzazi anayelipia siku nne za watu watano anahitaji zaidi ya sifa. Anahitaji kuambiwa kwamba anayeamua likizo hii itakwendaje ni mtoto mdogo kuliko wote: umri wake, kimo chake, uzito wake, usingizi wake wa mchana na mwendo wake wa miguu. Ratiba ikianza kwake, wakubwa nao hupata nafasi yao. Ikianza kwa kijana wa miaka 14 anayetaka kupanda miti kutwa, siku ya pili tu watu wanagombana ndani ya nyumba.

Muundo wenyewe wa vijiji hivi una sehemu yake katika jambo hili. Mwasisi wake ni Piet Derksen, mfanyabiashara wa Uholanzi aliyefungua kijiji cha kwanza karibu na Reuver mwaka 1968. Bwawa kubwa la maji ya vuguvugu chini ya paa likaja mwaka 1980 katika kijiji cha De Eemhof, nchini humo humo, na mwaka 1987 kampuni yake, Center Parcs, ikafungua kijiji chake cha kwanza Uingereza, katika msitu wa Sherwood. Vijiji vingi vya namna hii vimefuata ramani ile ile: nyumba zimetawanyika kati ya miti, magari yanabaki kwenye maegesho, bwawa liko katikati. Maana yake ni kwamba kila kitu kinafikiwa kwa miguu au kwa baiskeli, na mtoto wa miaka minne hutumia karibu nusu saa kumaliza kilomita moja, kwa sababu husimama kuokota kila kijiti. Kwa hiyo kabla ya kulipa omba ramani, pima umbali kutoka mlango wa nyumba hadi bwawani, na zidisha kwa safari nne kwa siku. Nyumba ya mbali ina utulivu na mara nyingi ni nafuu, lakini inafaa familia ambayo watoto wake wote wanaendesha baiskeli wenyewe.

Siku ya kuwasili ina mtego wake. Kwa kawaida wageni huruhusiwa kuingia kijijini mapema, ila nyumba hukabidhiwa saa tisa au saa kumi alasiri. Familia iliyopakia nguo za kuogelea chini kabisa ya buti la gari hukaa saa nyingi ikizunguka na watoto waliochoka. Begi moja dogo liwe juu ya mizigo yote, lenye nguo za kuogelea, taulo, nguo kavu za kubadilisha na dawa za kila siku. Siku ya kuondoka huwa kinyume chake: nyumba hurudishwa asubuhi, mara nyingi saa nne, lakini bwawa na njia za msituni hubaki wazi kwenu hadi jioni. Wengi hawalijui hilo, wanaondoka na saa kadhaa walizokwisha kuzilipia.

Sasa michezo. Karibu kila mchezo wa msituni una masharti ya kimo, umri au uzito, na mengi kati ya hayo yana sababu ya kweli nyuma yake. Chukua waya wa kuteleza kutoka mti hadi mti. Mtoto mwepesi mno hukosa kasi ya kutosha, akasimama katikati ya waya juu ya bonde na kulazimika kuvutwa. Mtu mzito kupita kiwango hufika mwisho kwa kasi ambayo breki hazikupangiwa. Hakuna msimamizi anayeweza kulegeza sharti hilo kwa huruma, hata mtoto alie namna gani. Pima kimo na uzito wa kila mtoto nyumbani, wiki moja kabla, akiwa amevaa viatu atakavyovaa, na linganisha na masharti ya kila mchezo kabla ya kutoa hela.

Kwenye kamba za juu ya miti, mkanda wa kiunoni ukazwe kiunoni, juu zaidi ya mifupa ya nyonga, usilale kwenye mifupa yenyewe. Ukikaa chini, mtoto akipinduka unaweza kuteleza. Mikanda ya mapajani ikazwe hadi kiganja kilichonyooshwa kipite lakini ngumi isipite. Nywele ndefu zifungwe, mifuko iwe mitupu, viatu viwe vya kufunika vidole. Mtoto huganda mara nyingi kwenye daraja la kwanza, kabla hata hajafika juu sana, kwa sababu ndipo anapoiacha ardhi kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana njia ya chini, ile ya mita moja au mbili kutoka ardhini, si ya watoto wadogo peke yao. Mwenye miaka kumi aanzie hapo dakika kumi, ajizoeze kufunga na kufungua kulabu zake, kisha apande.

Upinde na mshale hufaa watoto wenye utulivu. Michubuko ya mkono hutokea kwa sababu kiwiko cha mkono unaoshika upinde kimegeuziwa ndani, kwenye njia ya uzi. Kigeuzwe nje, na kinga ya mkono ivaliwe. Upinde usivutwe na kuachiwa bila mshale, kwani nguvu yote hubaki kwenye mbao na inaweza kuuvunja. Na hakuna anayevuka mstari kwenda kuchomoa mishale mpaka msimamizi aseme.

Kosa linaloharibu likizo kuliko mvua ni kubana michezo. Mchezo wa saa moja hula saa mbili na nusu za siku: kutafuta viatu, kutembea, kufika dakika 15 kabla, kuvalishwa vifaa, kucheza, kuvua, kurudi. Ukipanga michezo mitatu ya kulipia kwa siku, mtoto mdogo hatalala mchana na saa kumi na moja jioni atakuwa analilia kila kitu. Kipimo kinachofanya kazi ni mchezo mmoja wa kulipia kwa kila mtu kwa siku, uwe asubuhi, na mchana ubaki mtupu. Michezo yenye nafasi chache, kama kupanda miti na mitumbwi, hujaa wiki nyingi mapema, hasa shule zikifungwa. Hiyo ndiyo ya kuwekea nafasi mara tu nyumba inapolipiwa. Mingine inaweza kusubiri. Wazazi wawili wagawane: mmoja na mkubwa mtini, mwingine na mdogo kwenye mchanga, kesho wabadilishane. Soma pia sharti la kughairi, maana michezo mingi ya nje huendelea mvua ikinyesha na husimamishwa kwa upepo mkali au radi tu. Mvua ya kawaida hairudishi fedha.

Baiskeli zikikodishwa pale pale, zikaguliwe kabla ya kutia sahihi. Bana kila breki: mkono wa breki usiguse usukani. Mtoto anayejifunza akikaa kwenye siti akanyage chini kwa miguu yote miwili. Aliyezoea, kisigino chake kikiwa kwenye pedali ya chini, goti linyooke. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio. Ikivaliwa nyuma kama kofia ya jua, paji la uso linabaki wazi, na ndilo linalogonga chini mtoto akirushwa mbele. Tela la kubebea watoto hupinduka dereva anapokata kona kali na gurudumu la ndani likapanda mzizi au ukingo wa njia, kwa hiyo kona zichukuliwe kwa upana na polepole. Majani yaliyolowa huteleza. Kwenye mteremko breki ya mbele isibanwe peke yake.

Bwawa ndilo linalohitaji uangalifu kuliko msitu wote, na hapo naomba wazazi wanisikilize vizuri. Maji ni vuguvugu, karibu nyuzi 30, kuna makelele na mawimbi, walinzi wapo, na mzazi hujiona amepumzika. Lakini mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji pembeni, na baada ya muda mfupi sana anakuwa chini. Mlinzi anaangalia mamia ya vichwa. Wewe una viwili au vitatu. Mtoto asiyejua kuogelea akae umbali wa kunyoosha mkono, daima, na mtu mzima mwenye zamu ya kuangalia asishike simu. Zamu itajwe kwa sauti: "Sasa ni mimi," kisha baada ya dakika 20, "Sasa ni wewe." Ajali nyingi hutokea watu wazima wanne wakiwa karibu na kila mmoja akidhani mwingine ndiye anayetazama. Maboya ya kujaza upepo ya mikononi ni kifaa cha kuchezea. Huchomoka na hupasuka. Kengele ya mawimbi ikilia, mtoto mdogo arudi kwenye kina cha magoti. Vaeni nguo za rangi kali, kwani buluu na kijivu hupotea ndani ya maji. Kuhusu msongamano, mvua ikianza mchana kijiji kizima huhamia bwawani. Nendeni linapofunguliwa asubuhi, au saa za chakula wengine wakiwa mezani.

Ziwani mambo ni tofauti, maji ni baridi. Jaketi okozi huchaguliwa kwa uzito wa mvaaji, wala si kwa umri. Ukishafunga vifungo vyote, lishike mabegani ulivute juu: likifika masikioni, limelegea au ni kubwa mno. Lile lenye alama ya 50, yaani kipimo cha nguvu yake ya kuelea, limetengenezwa kwa anayejua kuogelea. Halimgeuzi aliyezimia uso ukaangalia juu. Kwa mtoto asiyejua, ombeni lenye 100 au zaidi, hata kama mengine ndiyo yaliyotundikwa karibu. Mtumbwi ukipinduka, kila mtu aushikilie. Unaelea na unaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu.

Nguo ni jambo fupi: pamba ikilowa hukaa na maji na kuuibia mwili joto, kwa hiyo chukueni za kukauka haraka, na jozi mbili za viatu kwa kila mtu.

Kila jioni watoto wakaguliwe kupe, kwenye kwapa, kinena, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio na kichwani. Katika misitu ya Ulaya na Amerika Kaskazini baadhi ya kupe hubeba ugonjwa wa Lyme, na hatari huongezeka kadiri kupe anavyokaa muda mrefu mwilini. Mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumminya tumbo. Mafuta, moto wa kiberiti na pombe ni makosa; vinamkera tu na kumfanya ateme ndani ya jeraha. Andika tarehe. Wekundu unaotanuka ukitokea ndani ya siku 3 hadi 30, au homa, mwone daktari umwambie tarehe hiyo.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani wala chini ya veranda iliyofungwa, hata kama mvua imeharibu mlo na hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi kwa saa nyingi baada ya moto kuisha. Haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Jambo lingine ambalo hudharauliwa ni kwamba nyumba za vijiji hivi zinafanana zote. Mtoto anayezitambua mchana anapotea usiku, chini ya miti na taa chache. Jioni ya kwanza tembeeni naye kutoka nyumbani hadi bwawani na kurudi, yeye akiongoza. Fungeni kitambaa cha rangi kali mlangoni, muandike namba ya nyumba na ya simu ndani ya mkono wake kwa kalamu isiyofutika kwa maji, na mmfundishe kwamba akipotea asimame pale pale alipo.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa wenye vijiji hivi. Masharti ya kimo, umri, uzito na idadi ya watu wazima wanaotakiwa kwa kila mtoto yawekwe pale pale mtu anapobonyeza kulipia mchezo, kwa herufi zile zile za bei, badala ya kufichwa kwenye kurasa za mwisho za mkataba. Mfumo umuulize mzazi kimo cha mtoto kabla ya kupokea fedha, na umkatalie kama hakitoshi. Umbali wa kila nyumba hadi bwawani utajwe kwa mita. Na pale mtoto anapokataliwa mlangoni kwa sharti ambalo halikuonyeshwa wakati wa kulipa, fedha zirudishwe siku hiyo hiyo, familia ikiwa bado kijijini na inaweza kuzitumia kwa mchezo mwingine.

Msomaji wako