Kwa Gavana wa Maine: Mama Huyu Nimjibu Nini?

Kwa Mheshimiwa Janet Mills,
Gavana wa Jimbo la Maine,
Augusta.

Lewiston, Novemba 2025

Mheshimiwa Gavana,

Shikamoo. Nakuamkia hivyo kwa sababu umenizidi umri kwa mbali, na kwa sababu barua hii, kuhusu sheria mpya ya kuwaondolea bunduki watu wa hatari, naiandika kwa Kiswahili. Nakala ya Kiingereza nitaileta ofisini kwako mwenyewe. Hii ni ya watu wangu, wasome nilichokuambia badala ya kusimuliwa.

Mji wetu umewahi kuona barua ya wazi. Oktoba 2002 meya wa wakati ule, Laurier Raymond, aliwaandikia Wasomali akiwataka wawaambie ndugu zao wapunguze kuja, kwamba mji umeelemewa. Januari iliyofuata wabaguzi walipokuja hapa kuichochea chuki ile, maelfu ya watu walikusanyika chuo cha Bates kuwapinga. Sisi Wakongomani wengi wetu tulifika baadaye, tukakuta Wasomali wameshapigwa na ile mvua kwa niaba yetu. Nayataja hayo ili ujue kwamba siandiki kama mgeni aliyeshuka jana. Ya mji huu nayajua, machungu na matamu.

Mimi ni mkalimani. Asili yangu ni Fizi, huko Kivu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1996 nilivushwa Ziwa Tanganyika nikiwa mgongoni mwa mama, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania. Leo mkate wangu ni kukaa kati ya daktari na mgonjwa, nikipokea neno la huyu na kumkabidhi yule, nisiongeze, nisipunguze.

Usiku wa Jumatano, 25 Oktoba 2023, sikuwa zamu. Kabla ya saa moja mtu mwenye bunduki aliingia Just-In-Time, ukumbi wa bolingi ambako wazazi hupeleka watoto, kisha akaenda baa ya Schemengees. Watu 18 waliuawa, wengine 13 wakajeruhiwa. Kati ya waliokufa alikuwemo kijana wa miaka 14 pamoja na baba yake, na viziwi wanne waliokuwa wametoka jioni ile kucheza na viziwi wenzao. Hawa wanne sijaacha kuwafikiria, labda kwa ajili ya kazi yangu.

Simu zetu zikalia tahadhari. Kiingereza chake kilikuwa na neno shelta. Sasa Mheshimiwa, mtu aliyetoka kambini umwambie shelta, anajua unasema nini: ni miti, udongo na turubai la UNHCR. Jirani yangu, mama wa miaka sabini na kitu, alinipigia sauti ikitetemeka: “Mwanangu, shelta gani tena wanatupeleka? Nibebe blanketi ngapi?” Nilimwambia hapana mama, maana yake ni ukae ndani, ufunge mlango, usitoke. Akanyamaza kidogo, akasema, “Basi wangesema vita.”

Usiku ule niliongea na watu mpaka betri ikaisha. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa amewapanga wajukuu sakafuni, mbali na madirisha, wote na viatu miguuni. Kivu vita ikikaribia hulali bila viatu. Walilala hivyo usiku wa Jumatano na wa Alhamisi, hadi Ijumaa usiku tulipotangaziwa kwamba yule mtu amekutwa amekufa huko Lisbon, mji jirani.

Baadaye tuliicheka ile habari ya blanketi. Siku hizi siicheki tena, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Tume uliyoiunda wewe pamoja na Mwanasheria Mkuu, chini ya Jaji Wathen, kuchunguza mauaji yale ilichimba kweli, na kwa hilo nakupa heshima yako. Muuaji alikuwa askari wa akiba wa jeshi. Mei ile ile ya 2023 mwanawe na mama wa mtoto walikwenda kwa polisi wakasema mzee anasikia watu wakimsema vibaya, na bunduki anazo. Julai alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko New York. Septemba askari mwenzake aliandika kwamba anaamini mtu huyu atapasuka na kuua watu wengi. Naibu wa sherifu akaenda kubisha hodi, hakufunguliwa, akaondoka. Tume ikasema wazi kwamba ofisi ile ya sherifu ilikuwa na sababu ya kutosha kumkamata na kuanza taratibu za kumwondolea silaha. Kwa hiyo waliomjua walikwisha kusema, na walisema mapema. Ila maneno yao yalikuwa na njia moja tu ya kupita, nayo ni polisi.

Njia hiyo ndiyo sheria ya 2019. Kwa Kiingereza huitwa bendera ya njano, lakini vijana wetu, ambao mpira ndio dini yao ya pili tangu Lewiston High ilipotwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2015, wanaiita kadi ya njano. Polisi amkamate mtu kwanza, kisha mtaalamu wa afya ampime, kisha jaji aamue. Novemba hii wapiga kura, zaidi ya asilimia 60, wameongeza kadi nyekundu, kwa Kiingereza bendera nyekundu: ndugu wa mtu anaweza kwenda mwenyewe mbele ya jaji, akaeleza anachokiona nyumbani, na jaji akaamuru silaha ziondolewe kwa muda.

Wewe uliipinga. Nimesoma hoja yako kwa makini kuliko baadhi ya waliokupigia makofi. Ulisema kuwalinda watu ni kazi ya serikali, familia isibebeshwe mzigo huo. Nusu yake nakubali. Mke aliyepigwa hapaswi kuwa mpelelezi wa mumewe. Lakini tayari mzigo uko kichwani kwa familia, Mheshimiwa. Ngoja nikueleze.

Mwaka jana, baada ya ibada, mama mmoja alinivuta pembeni. Sitamtaja, wala mtaa wake. Mwanawe hakuwa akilala. Alikuwa akiongea peke yake, akifunika madirisha kwa magazeti, akisema wafanyakazi wenzake wamemtumia watu wa kumfuata. Kwetu mtu wa namna hiyo tunasema kichwa kinamsumbua, wengine wanasema amerogwa, na sala zinaanza. Halafu akaniambia kijana amenunua bunduki dukani, tena ya halali kabisa, risiti anayo. “Niite polisi waje wamuue? Au ninyamaze awaue watu?”

Nilikosa jibu. Mimi ambaye naishi kwa kutafuta maneno! Nilimwelekeza kwa muuguzi ninayemwamini, mambo yakaenda pole pole, kijana akakubali dawa, na bunduki mjomba wake akaichukua akaenda nayo. Tulipona kwa sababu kuna mjomba. Sheria haikuwa na mkono wowote pale.

Mama yule sasa anao mlango mwingine, lakini hajui kama upo. Kampeni nzima ya kura ile niliisikia kwa Kiingereza, redioni na kwenye vipeperushi. Kwa Kiswahili niliyoyasikia ni yale tuliyotafsiriana wenyewe kwa sauti za WhatsApp, mengine yakiwa uongo mtupu: kwamba serikali itaingia nyumba kwa nyumba kuchukua bunduki, kwamba mkimbizi akishitaki mwanawe wote wawili watarudishwa walikotoka. Hili la pili ndilo linalowafunga watu mdomo. Mwaka huu neno mahakama kwetu lina harufu ya kukamatwa. Mtu huogopa hata kwenda kulipa faini.

Usinielewe vibaya kuhusu bunduki zenyewe. Najua niko wapi. Katiba ya jimbo hili inasema haki ya kumiliki silaha haitahojiwa kamwe, na Novemba kama hivi wenzangu kazini huvaa rangi ya chungwa wakaingia msituni kuwinda kulungu. Mmoja huniletea nyama kila mwaka, nami humpikia kwa ndizi, naye husema hajala kulungu mtamu hivyo (siku hiyo humtoza sifa mpaka jioni). Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba bunduki na risasi hazifungiwi kabati moja. Naye alipiga kura ya ndiyo.

Wala sisahau uliyoyatenda. Baada ya msiba ulisaini sheria ya kuwakagua wanunuzi kwenye maonyesho ya bunduki. Ile ya kusubiri saa 72 uliiacha ipite bila sahihi yako. Ya kupiga marufuku vifaa vinavyoifanya bunduki imwage risasi mfululizo uliikataa, na hapo hatuelewani hadi leo. Mbunge wetu Jared Golden, aliyekuwa akipinga marufuku ya bunduki za kivita, kesho yake tu baada ya mauaji alisimama hapa Lewiston akasema alikosea, akaomba msamaha. Nilitazama pamoja na wazee. Walishangaa. Walikotoka, kiongozi akikosea hubadilisha katiba kabla hajabadilisha kauli.

Sikuombi uiombe msamaha kura iliyokushinda. Naomba uitekeleze kama vile ilikuwa yako. Fomu ya maombi iwepo kwa Kiswahili, Kisomali, Kifaransa, Kireno na Kilingala, iandikwe na watu wanaozungumza lugha hizo, si mashine. Mashine ndiyo itakayomwambia mama alete bendera nyekundu mahakamani, na akina mama wetu ni watiifu, ataileta. Mkalimani awepo siku ile ile ya kwanza, kwa sababu kijana mwenye bunduki hangoji miadi ya wiki mbili. Itamkwe hadharani, kwa kinywa chako, ni nini kinachompata na kisichompata mtu asiye raia anapokwenda kwa jaji kumwombea mwanawe. Kama jibu ni baya, tuambie pia. Tumezoea habari mbaya, mradi ziwe za kweli. Na ile tahadhari ya simu, nakusihi, siku nyingine iseme kaeni ndani, fungeni milango. Maneno manne tu, nitakutafsiria bure.

Najua umetangaza kutafuta kiti cha Seneti ya Marekani na siku zako Augusta zinahesabika. Fomu haihitaji Seneti.

Mama yule ameanza tena kunitazama kwa jicho lile la wasiwasi. Mjomba amehamia jimbo jingine kutafuta kazi, na kijana, anasema, ameacha dawa tangu mwezi uliopita. Aliniuliza kama ni kweli sasa anaweza kwenda mwenyewe kwa jaji, na akifika aseme nini, na kwa lugha gani. Nimemwambia anipe mpaka Jumapili.

Wako katika utumishi,
Mkalimani wa Kiswahili,
Lewiston, Maine