Wito wa harambee: tone la mvua limeingia kwenye wimbo wetu

Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum. Mwangaluka, ndugu zetu wa Tabora, mlio hapa Ng'ambo na mlio Dar, Mwanza na popote riziki ilipowapeleka.

Tunaandika kwa haya, maana si mara ya kwanza kuwanyooshea mkono. Mwaka jana mlitununulia kompyuta ya studio ya muziki ya vijana wetu wasioona. Parokia ikatupa chumba kilichokuwa stoo, wazee wa msikiti wa jirani wakaleta meza na mabenchi, na mfuga nyuki mmoja wa Sikonge akatoa madebe mawili ya asali, tukayauza sokoni tukapata maikrofoni. Hatujasahau hata kijiko kimoja cha asali ile.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Februari vijana wetu sita wasioona walikuwa wakirekodi wimbo wa nne. Mvua ilikuwa imekatika, tukadhani tumesalimika. Walipomaliza, binti anayeimba sauti ya pili akasema, "Mwalimu, kuna kitu kinagonga kabla ya ngoma." Mimi ninayeona sikusikia kitu. Tukarudia mara tatu ndipo nikasikia: to... to... to. Ni maji ya kwenye bati lililotoboka, yakidondokea beseni tuliloweka ili kuilinda kompyuta. Yamo ndani ya wimbo mwanzo hadi mwisho, wala hayatoki. Usiku wa kuamkia Jumapili iliyofuata yakalikwepa beseni, yakaingia kwenye kibodi. Wiki mbili vijana walikaa nyumbani mikono mitupu.

Wengi mmetuuliza, asiyeona anarekodije kwa kompyuta? Programu nyingi za studio ni za picha: vitufe vidogo vya kubofya kwa kipanya, mawimbi ya sauti yaliyochorwa kwenye skrini. Kwa vijana wetu huo ni ukuta. Zamani walikuwa wakilipa studio, wakikaa kwenye kochi huku mtu mwingine akiukata wimbo wao anavyotaka. Safari moja walirudishiwa wimbo usio na ubeti wa mwisho, wakaambiwa ndivyo walivyoimba.

Hapa kwetu wanatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa maandishi matupu bila picha. Kijana anaandika amri, anabonyeza Enter, na sauti ya eSpeak NG, programu inayotamka maandishi, inamsomea jibu, kwa Kiswahili akitaka. Ecasound inarekodi sauti juu ya sauti: ngoma kwanza, kisha gitaa, kisha waimbaji. SoX inakata kimya cha mwanzoni na kupandisha sauti iliyofifia. Kwenye LilyPond noti zinaandikwa kwa herufi za kawaida, na faili la MIDI linalotoka humo, lenye maelekezo ya noti za kupigwa, programu ya FluidSynth hulipiga kwa sauti ya kinanda. Mpiga kinanda wetu aliposikia kwa mara ya kwanza muziki aliouandika kwa vidole vyake mwenyewe hakusema neno. Aliurudia tu, tena na tena, hadi adhana ya magharibi. (Louis Braille naye, aliyewapa wasioona maandishi ya nukta, alikuwa mpiga kinanda kanisani huko Paris.)

Programu zote hizo ni huria, hatuzilipii hata senti. Tunachoomba kwanza ni paa. Pili, kadi za sauti, yaani vifaa vya kupitishia sauti ya kompyuta, za kuchomeka kwa USB, kwa sababu sasa sauti inayosoma na muziki vinapita njia moja: mtu anasikiliza gitaa huku anasomewa amri juu yake. Akiwa na kadi ya pili, maneno yatakuja sikio moja na muziki sikio jingine.

Mabati 20, mbao, misumari, dari na fundi ni shilingi 1,480,000. Kompyuta mpakato mbili zilizotumika, 900,000. Kadi za sauti tatu, 180,000. Hedifoni sita, 210,000. Jumla 2,770,000. Mkononi tuna 415,000, na katika hizo 65,000 ni za vijana wenyewe, walizolipwa kwa kuimba kwenye sherehe mbili. Zimebaki 2,355,000.

Ndugu, kamati ya harusi hapa mtaani hukusanya zaidi ya hizo, na sare juu. Huu ni mji wa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Je, sisi wa leo tushindwe na bati?

Michango ipokelewe na mweka hazina wetu peke yake, na kila mchangiaji apewe stakabadhi. Mapato na matumizi yatabandikwa mlangoni, na yatasomwa kwa sauti mbele ya vijana wote, maana wenye chumba hawasomi ubao. Asiye na fedha alete mbao, saruji au siku moja ya kazi.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, mara baada ya misa ya pili, uwanjani kwa parokia. Vijana watarekodi wimbo mbele yenu, tangu amri ya kwanza. Wimbo wa nne nao tutaupiga kama ulivyo, na tone lake. Njooni na viti, vya kanisa havitoshi.